Aliyelazwa Kuelekea Kibla

Muhiba Twalib alianza kufundisha katika shule ya umma iliyo nyuma ya karakana za Kariobangi siku ya Jumatatu, tarehe 6 Januari 2014. Aliajiriwa kufundisha Baiolojia. Wiki hiyo hiyo mwalimu mkuu aligundua kwamba Muhiba ndiye Mwislamu wa pekee katika chumba cha walimu, akamwongezea Elimu ya Dini ya Kiislamu, na tangu hapo ameyabeba masomo yote mawili.

Wanafunzi wa Kiislamu shuleni hapo ni wachache. Kipindi cha Dini kinapofika, wenzao wa Kikristo hubaki darasani, na wao huchukua mabegi na kwenda kutafuta pa kukaa. Hakuna chumba cha ziada. Kwa hiyo kila Alhamisi, kipindi cha mwisho, wanafunzi saba wa Kidato cha Nne husomea Dini katika maabara, juu ya stuli zile zile walizokalia asubuhi, kipindi cha pili, wakisoma Baiolojia, mbele ya mwalimu yule yule. Asubuhi humwita Madam. Alasiri humwita Ustadha.

Kati ya vipindi hivyo viwili Muhiba hafuti ubao kwa dasta. Huufuta kwa kitambaa kilicholowa, kutoka pembe hadi pembe, na hungoja ukauke kabla ya kuandika neno. Mwanafunzi anayeuliza swali la asubuhi wakati wa alasiri huambiwa alihifadhi hadi kipindi chake. Anayeuliza la alasiri asubuhi huambiwa vivyo hivyo. Walimu wenzake wakitaka kujua yeye mwenyewe anaamini nini kuhusu mwanzo wa binadamu, huwajibu kwa swali: "Kipindi cha pili au kipindi cha mwisho?"

Ana miaka arubaini na mitatu na anaishi mtaa wa Tena, ila alizaliwa Majengo. Mama yake, Ruqaiya, alikuwa mwosha maiti. Mwanamke Mwislamu akifariki Majengo au Shauri Moyo, mlango uliobishwa ulikuwa wake. Muhiba alianza kufuatana naye akiwa msichana wa shule ya msingi, kazi yake ikiwa kushika birika. Mara ya kwanza alimimina kwa haraka, maji yakamwagika kwa fujo. "Mimina polepole," mama yake alimwambia. "Maiti husikia maji." Muhiba hueleza haya bila kubadilisha sauti. Anasema alijua kila mfupa ulipo chini ya ngozi kabla hajaona mchoro wake kitabuni, na kwamba chuoni jambo hilo lilimpunguzia kazi.

Kushoto mwa ubao wa maabara kulikuwa na kiunzi cha mifupa ya mtu, kikining'inia kwenye stendi ya chuma kwa ndoano iliyopita utosini. Si cha plastiki. Kilinunuliwa zamani, kabla ya mwalimu yeyote aliyepo sasa, katika sanduku la mbao ambalo jina la bandari moja ya Bara Hindi bado linasomeka juu ya kifuniko chake. Wanafunzi walikiita Buda, jina ambalo mitaa hii humpa baba wa mtu au mzee yeyote. Walimsalimia wakiingia. "Niaje, Buda." Aliyevunja chupa ya majaribio alimsingizia yeye.

Mwezi wa Mei 2025 Kidato cha Nne kilifika mada ya mageuko ya viumbe. Muhiba aliuinua mkono wa Buda mbele ya darasa, akaonyesha mfupa mmoja wa juu, miwili chini yake, kisha vidole vitano. Akabandika ukutani mchoro wa bawa la popo na mwingine wa pezi la nyangumi. Mpangilio ulikuwa ule ule.

"Madam," akauliza Mourine, msichana anayekaa mbele na asiyejua kunyamaza, "kwa hivyo popo ni binamu yangu?"

"Wa mbali sana."

"Si ndio maana hanitumiangi fare."

Darasa likacheka. Wiki chache kabla, katika mada ya mifupa, Muhiba alikuwa amewafundisha kutambua nyonga ya mwanamke: ni pana, na uwazi wake ni wa mviringo, ambamo kichwa cha mtoto hupita. Alichora ubaoni. Hakusema lolote kuhusu nyonga iliyokuwa ikining'inia kando yake, na hakuna aliyemuuliza.

Alasiri ya siku hiyo, Alhamisi, ubao ukiwa umefutwa kwa maji, wanafunzi saba walisoma haki za maiti. Muhiba alifundisha kuosha, sanda, swala na kaburi. Alifundisha kwamba sanda ya mwanamume ni vipande vitatu na ya mwanamke ni vitano, kwamba maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekezwa kibla, na kwamba aliyekufa ana heshima ile ile ya aliye hai, hata mfupa wake hauvunjwi. Kiunzi kilikuwa pale pale, kushoto kwake. Anasema hakukitazama hata mara moja.

Kesho yake asubuhi, Ijumaa, Muoki, msaidizi wa maabara, alifungua mlango na kukuta stendi iko wazi. Buda alikuwa juu ya meza ndefu ya kati, amelala kwa ubavu, magoti yamekunjwa kidogo.

"Ameanguka," Muhiba alisema alipoitwa.

"Ameanguka akajipanga, Madam?" Muoki alisema. Hakuna mbavu iliyovunjika. Hakuna waya uliokatika. Wanafunzi wa kwanza kuingia walikuwa na maelezo yao: Buda amechoka kusimama bila mshahara, Buda amesikia ametoka kwa nyani, ameshuka kutafuta ndizi. Muoki alimrudisha kwenye ndoano na habari ikaishia hapo, ila kwa Muhiba. Yeye alikuwa ameona kwamba ubavu ulikuwa wa kulia, na kwamba uso ulielekea madirisha ya upande wa Baba Dogo. Baba Dogo iko kaskazini. Kutoka Nairobi, kibla ni kaskazini, ukipinda kidogo mashariki.

Hakumwambia mtu. Alhamisi iliyofuata alifunga mlango wa maabara mwenyewe, akautikisa kuhakikisha umefungika, akaweka ufunguo mkobani.

Ijumaa asubuhi Buda alikuwa mezani tena. Kichwa mashariki, miguu magharibi, uso kaskazini. Safari hii kulikuwa na kitu chini ya fuvu, kati ya mfupa wa shavu na ubao wa meza. Muoki alidhani ni kinyesi cha panya. Muhiba aliinama akatazama. Lilikuwa donge la udongo mwekundu, limefinyangwa kwa vidole, kama lile ambalo watu wa kwao humwekea maiti chini ya shavu akishalazwa ndani ya mwanandani wa kaburi, kabla ya mbao kuwekwa na mchanga kurudishwa.

"Madam, umekuwa mweupe," Muoki alisema. "Keti."

"Nani ana ufunguo mwingine?"

"Mimi. Na mimi ni mtu wa Machakos. Mambo ya namna hii kwetu hatuyachezei hata kwa kulipwa."

Ijumaa ya tatu, Buda alikuwa amevishwa. Kitambaa kilikuwa cheupe, kipya, bila doa, kimefungwa kichwani, kifuani na miguuni kwa vijikamba vya kitambaa hicho hicho. Wanafunzi waliotangulia kufika walirudi nje mbio, na kabla ya kengele ya kwanza shule nzima ilikuwa inajua. Safari hii hakuna aliyetania. Muhiba alifunga mlango, akafungua kitambaa mwenyewe, tabaka baada ya tabaka, akavilaza vipande kimoja kimoja juu ya meza. Kulikuwa na shuka mbili za kuzungushia, kanzu isiyoshonwa, kikoi cha kiunoni na mtandio wa kichwa.

Vilikuwa vitano.

Kilichomtia baridi, anasema, si maiti kuvishwa. Amewavisha wengi. Ni kwamba aliyefanya hivyo alijua Buda ni mwanamke. Shule nzima ilikuwa imemwita mzee kwa miaka mingi. Ili kufikia vipande vitano, mtu alihitaji somo la nyonga na somo la sanda, na alihitaji kuyaelewa yote mawili sawasawa. Ukuta ambao Muhiba alikuwa ameujenga kwa kitambaa kilicholowa ulikuwa na mtu ndani yake.

Wazazi walifika Jumatatu bila kuitwa. Aliyewaongoza ni Teresiah, mwenyekiti wa chama cha wazazi, mama yake Mourine. Ana duka la vifaa vya umeme Umoja na ni shemasi katika kanisa lake. Kando yake aliketi Sharmarke, mfanyabiashara wa vitambaa kwa jumla, ambaye binti yake Kawsar ni mmoja wa wale saba wa kipindi cha Dini. Wawili hawa hawakuwa wamewahi kukubaliana juu ya jambo lolote shuleni hapo, tangu rangi ya basi hadi chakula cha mchana. Siku hiyo walimaliziana sentensi.

"Mnafundisha watoto walitoka kwa nyani," Teresiah alisema, "halafu mnashangaa mifupa ikitembea."

"Mmeita kitu," Sharmarke alisema. "Hicho kitu kimeitika. Sisi kwetu tunakijua jina."

"Hata sisi tunakijua. Tofauti ni lugha tu, mzee wangu."

Hawakutaka mada ifutwe. Walijua iko katika mtaala na itatahiniwa. Walitaka kila kipindi cha sayansi kifunguliwe kwa sala, mchungaji na sheikh wakipokezana zamu, na mwalimu atamke mbele ya darasa kwamba atakayofundisha ni maneno ya watu na kwamba ukweli uko kwenye vitabu vya Mungu. Mwalimu mkuu alimgeukia Muhiba kama mtu anayetafuta mlango. Kwa mwalimu anayefundisha Dini, alisema, hilo halipaswi kuwa gumu.

"Ni gumu kwangu kuliko kwa yeyote," Muhiba alijibu. "Mimi ninafundisha Dini. Nina kipindi chake. Ukiniambia niilete asubuhi ije ilinde sayansi, kesho utaniambia nilete sayansi alasiri ije iilinde Dini. Zote mbili zitakuwa zimepata askari, na hakuna hata moja itakayokuwa imefundishwa."

"Mwalimu, sisi hatukuja kusikia mashairi," Teresiah alisema. "Nani anavisha mifupa nguo?"

Bodi ya shule ilikutana jioni hiyo na kuamua. Muhiba alipewa hadi kikao cha Ijumaa ya wiki iliyofuata. Alete jina la aliyekuwa akiyafanya haya, na mwanafunzi huyo afukuzwe. Au, kama hana jina, bodi ingechukulia kwamba chanzo ni mada yenyewe na mwalimu wake. Angeondolewa Kidato cha Nne, naye mwalimu mwingine angewaambia wasome sura ya mageuko peke yao nyumbani. Mtihani wa kitaifa ulikuwa miezi michache mbele. Darasa hilo Muhiba alilichukua likiwa Kidato cha Kwanza.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa ya ule ubaridi wa Juni ambapo mawingu hukaa juu ya mabati mchana kutwa. Kipindi cha Dini kilipokwisha, wavulana waliondoka. Wasichana watatu waliingia stoo iliyo nyuma ya maabara, kama wafanyavyo kila siku, kuswali Alasiri. Stoo ndiyo msikiti wao. Kuna mkeka, na sakafuni kuna utepe mweupe walioubandika kutoka mashariki hadi magharibi, ili wakiukanyaga wakabili kibla. Wakimaliza hutoka kwa mlango wa nyuma, ambao hujifunga wenyewe. Muhiba alikuwa anajua haya yote kwa miaka. Ni yeye aliyewaombea chumba. Kila alipofikiria nani anaweza kuingia maabara iliyofungwa, hakuwahi kuwafikiria watu waliokuwa tayari ndani, wakiswali.

Safari hii alifunga mlango wa mbele kutoka ndani, akaketi kwenye stuli nyuma ya kabati la kemikali. Karakanani nje, nyundo za mafundi wa sufuria na mashine za kusagia vyuma zilikuwa zikilia kama kawaida. Kisha umeme ukapotea. Mashine zikanyamaza zote pamoja, na baada yake nyundo moja moja, mpaka pakawa kimya. Mlango wa nyuma ukasikika ukijifunga. Sauti za wasichana wawili zikapotelea uani.

Mlango wa stoo ukafunguka. Kawsar aliingia, mikono ya sweta imekunjwa hadi viwikoni. Alisogea kwenye stendi, akamkumbatia Buda kiunoni, akamtoa kwenye ndoano kama mtu anayempokea mgonjwa kutoka kitandani. Akamlaza. Akajaza bika, kile kikombe cha kioo cha maabara, kwenye mfereji wa sinki, akaanza kumwaga maji juu ya bega la kulia.

Alimwaga polepole. Uzi mwembamba wa maji uliteremka mfupani bila kuruka. Kwa muda mrefu hapakuwa na sauti nyingine maabarani.

"Kawsar."

Msichana hakushtuka. "Nilijua uko hapo, Ustadha. Viatu vyako vinaonekana."

"Umekosea mpangilio. Kuosha hutangulia sanda."

"Najua. Lakini sanda mliichukua. Sasa naanza upya, vizuri."

"Nani alikufunza kumimina hivyo? Mimi sikuwafunza."

Kawsar aliyatazama maji. "Nikimimina haraka kuna sauti inatoka ndani ya kichwa. Sipendi kuisikia."

Fuvu ni tupu. Maji yakiingia kwa nguvu, hewa hutoka kwa kupiga mluzi. Muhiba angeweza kulieleza hilo, na ni kazi yake kulieleza. Alisogea akaketi upande wa pili wa meza.

"Na vipande vitano?"

"Si ulitufunza nyonga, Madam." Kisha, kwa sauti ya mtu anayesahihishana na mwenzake: "Huyu si Buda. Hajawahi kuwa."

"Sikiliza. Nyonga inasema ni mwanamke. Magego yanasema hakuwa mzee. Zaidi ya hapo hakuna kinachosemwa. Dini haimo katika mfupa, Kawsar. Sanduku lake limetoka Bara Hindi. Huenda kwao huchomwa moto. Huenda unamfanyia jambo ambalo hakulitaka."

"Huenda."

"Basi kwa nini?"

Kawsar aliweka bika chini. Alisema nyanya yake, ayeeyo Batulo, mama yake baba, alifia njiani walipokuwa wakikimbia vita kuja Kenya. Baba yake alikuwa mtoto. Wenzao hawakuweza kungoja. Waliuacha mwili kwa watu wa kijiji wasichokijua jina, wakaendelea. "Wale watu walimzika. Hatujui walimvisha nini, hatujui walimsomea nini. Hawakuuliza ni wa wapi. Walimpa walichokuwa nacho." Akaukausha mkono wa mifupa kwa pindo la sweta, kidole kwa kidole. "Mimi nilicho nacho ni hiki."

Muhiba aliupokea ule mkono mkavu, akaulaza kando. Akauliza alichohitaji kujua. "Mara zote ni wewe?"

"Udongo ni mimi. Sanda ni mimi. Ile ya kwanza, hapana."

"Kawsar."

"Wallahi, Ustadha. Siku ile tulimaliza kuswali, nikarudi kuchukua begi. Nikamkuta amelala. Kwa ubavu, hivi. Nikafikiri ni wewe umetuonyesha, kwa sababu ndio tulikuwa tumetoka kusoma. Kesho yake nikaona vile ulivyomtazama, nikajua si wewe." Akachukua tena bika. "Nikaona basi ameomba."

Muhiba alimwambia aende nyumbani. Msichana akatoka kwa mlango wa mbele. Mwalimu alimalizia kuosha mwenyewe, bega la kushoto, kwa sababu kazi hiyo haiachwi nusu, akamrudisha kwenye ndoano akiwa bado anadondoka.

Kuhusu mara ya kwanza, maelezo yapo. Muoki aliiambia bodi kwamba skrubu ya ndoano ilikuwa imelegea, na kwamba kitu chenye waya mwingi kikianguka kinaweza kulala vyovyote. Bodi iliridhika. Muhiba alipomuuliza baadaye, wakiwa wawili, Muoki alisema skrubu haikuwa imelegea. Aliikaza mwenyewe mwanzoni mwa muhula. "Niliwapa skrubu kwa sababu mtu anaweza kulala usingizi na skrubu," alisema. "Wewe ulitaka niwape nini?"

Kikao cha Ijumaa kilifanyika katika chumba cha walimu. Vile vipande vitano viliwekwa juu ya meza, vimekunjwa, kama ushahidi. Teresiah aliongea kwanza. Alitaka mifupa ichomwe katika tanuri ambamo shule huchomea takataka, na mchungaji awepo. Muhiba alimsikiliza, na baadaye alikiri kwamba kwa dakika moja aliwaza jambo la ajabu: kwamba kama mwanamke yule kweli alitoka kwa watu wanaochoma wafu wao, Teresiah ndiye pekee katika chumba hicho aliyekuwa anapendekeza apewe haki yake, bila kujua.

Kisha akasimama Sharmarke. Alikuja amekasirika na alianza kwa kasi: kwamba kuvisha mifupa isiyojulikana sanda ya Kiislamu ni kejeli, kwamba ni mchezo wa makafiri au wa majini, na mchezaji ajulikane. Akiongea alinyosha mkono, akashika kitambaa cha juu ili kukionyesha kwa wajumbe.

Mkono wa mfanyabiashara wa vitambaa hauachi kazi hata mwenyewe akiwa amekasirika. Kidole gumba na cha shahada vilipapasa bafta ile nyeupe ya sanda, vikateremka hadi ukingoni. Pale ukingoni kuna uzi wa buluu ambao kiwanda hufuma ili kutambulisha mzigo wa kila mwuza jumla. Sharmarke aliutazama uzi huo. Sentensi aliyokuwa ameianza hakuimalizia. Alikunja kitambaa kama kilivyokuwa, akakirudisha juu ya vingine, akaketi.

"Endelea, mzee," Teresiah alimwambia.

"Nimemaliza."

Teresiah alimtazama, hakuelewa, akamgeukia Muhiba. "Haya, mwalimu. Ulipewa muda. Umempata?"

"Nimempata."

Sharmarke alikuwa anaitazama mikono yake.

"Jina."

"Ni mwanafunzi aliyenisikiliza. Katika masomo yote mawili. Jina silitoi."

"Bi Muhiba," mwalimu mkuu alisema kwa upole, "unaelewa uamuzi wa bodi ulikuwa upi? Hatutaki kukupoteza. Tupe jina, na Jumatatu uko darasani kwako."

"Naelewa."

"Unalifia jitoto la mtu!" Teresiah alisema. "Watoto arubaini watakosa mwalimu kwa sababu ya mmoja aliyepagawa. Na wangu yumo!"

"Mama Mourine, wako huuliza maswali mazuri. Muulize habari ya popo."

Alimtazama Sharmarke mara moja. Hakumtazama kwa kumlaumu. Wajumbe waliokuwepo wanakubaliana kwa hilo. Ilikuwa nafasi ya mtu kusema jambo. Nje, fundi mmoja alikuwa akigonga bati, akapumzika, akagonga tena. Sharmarke hakusema. Mikono iliinuliwa, hakuna aliyepinga, na jina la Muhiba likaondolewa kwenye ratiba ya Baiolojia ya Kidato cha Nne.

Sharmarke alimfuata kwenye veranda. "Mwalimu," alisema, akasita. "Kile kitambaa."

"Ni kitambaa kizuri."

"Mama yangu hatukumpatia." Alisimama hapo kwa muda, mtu mkubwa wa mwili, mikono imening'inia. Kisha akashuka ngazi kuelekea langoni. Hakurudi ndani kuongea na bodi.

Jambo moja Muhiba alilishinda. Mwalimu mkuu hakutaka kuwa mtu aliyechoma mifupa ya binadamu shuleni, na ombi la kibali cha maziko limepelekwa kwa serikali ya kaunti. Imamu wa mtaa aliulizwa. Alisema binadamu yeyote huzikwa kwa heshima, lakini hawezi kumswalia asiyemjua. Mpaka kibali kitoke, mifupa imelazwa katika sanduku lake la mbao ndani ya stoo ya maabara. Stoo ni nyembamba, na Muoki anasema alijaribu kuliingiza kwa kila namna. Linaingia kwa njia moja tu, kichwa mashariki, sambamba na utepe wa wasichana. Kifuniko kina misumari minne. Kila Ijumaa asubuhi Muoki huigusa misumari yote kabla ya kuvaa koti lake.

Jumatatu ijayo, Kidato cha Nne kitaanza marudio ya ikolojia na mwalimu wa mkataba. Sura ya mageuko watasoma nyumbani. Kawsar atafanya mtihani wake mwisho wa mwaka pamoja na wenzake. Alhamisi, kipindi cha mwisho, Muhiba atafuta ubao kwa kitambaa kilicholowa, angoje ukauke, na kuwafundisha wanafunzi saba mirathi, mlango wa stoo ukiwa nyuma yake.